Namna ya Kuanzisha Kikundi cha Uandishi cha Walimu na Kukifanya Kidumu

Mwalimu wa Kiswahili hutumia sehemu kubwa ya wiki yake akisoma maandishi ya watu wengine. Huyapitia madaftari 60, 80, wakati mwingine zaidi ya 100, akiweka vema hapa na kosa pale, na pembeni akiandika yaleyale aliyoyaandika muhula uliopita: panga mawazo, zingatia aya, boresha mwandiko. Lakini ukimwuliza ni lini mara ya mwisho aliandika ukurasa mmoja ulio wake mwenyewe, usio andalio la somo, wala barua ya kuomba ruhusa, wala muhtasari wa kikao, mara nyingi atalazimika kurudi nyuma hadi miaka ya chuo. Anafundisha kazi ambayo yeye mwenyewe ameacha kuifanya.

Mwongozo huu unahusu njia moja ya kuliziba pengo hilo, nayo ni kikundi cha uandishi: walimu wachache wa shule moja au kata moja wanaokutana kwa ratiba, wanaandika, wanasomeana walichokiandika, kisha wanazungumzia yaliyowapata walipokuwa wakiandika na maana yake kwa wanafunzi wao. Nimekuwa ndani ya kikundi cha namna hiyo kwa miaka kadhaa nikiwa mwalimu wa sekondari, na nitayaeleza kwa kirefu zaidi yale yaliyotusumbua, kwa sababu ndiyo yatakayomsumbua pia anayeanza leo.

Wazo lenyewe limetoka wapi

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, James Gray, ambaye aliwahi kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, aliwakusanya walimu wa eneo hilo wakati wa likizo ya kiangazi. Alichokikataa ni kitu tunachokifahamu sote: mtaalamu anakuja kutoka mbali, anahutubia siku moja au mbili, anaondoka, na walimu wanarudi darasani wakiwa na makabrasha mkononi. Katika mpango wake walimu wenyewe ndio waliosimama mbele ya wenzao na kuonyesha somo lililowafanikia, na kila mmoja aliandika na kuwasomea wenzake alichokiandika. Mpango huo ulienea hadi ukawa wa nchi nzima, na mwaka 1991 ukaanza kupewa fedha na serikali kuu ya Marekani. Nguzo zake mbili hazijabadilika: mwalimu hujifunza vizuri kutoka kwa mwalimu mwenzake, na anayefundisha kuandika sharti aandike.

Huku kwetu nguzo hizo si ngeni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na mtu akiuliza jambo kwa beti, wenzake walimjibu kwa beti. Baadaye chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kiliwakusanya washairi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ni watu wa chama hicho, Mathias Mnyampala akiwa mbele yao, waliozipeleka ngonjera shuleni. Nalitaja hili kwa sababu wapo walimu wanaodhani kwamba kuandika na kusomeana ni mtindo ulioletwa na wafadhili. Sanaa ambayo wanafunzi wetu huighani kwenye mahafali iliingia shuleni kupitia jumuiya ya watu wazima waliokuwa wakitunga wao wenyewe.

Kuwapata watu na kupata muda

Anza na watu watano, na usivuke wanane. Wakiwa wengi zaidi, hakuna atakayepata muda wa kusomwa kikamilifu, na wengine watajificha nyuma ya wasemaji. Wawe ni watu waliokubali kwa hiari. Mwalimu aliyepangwa na ofisi atakuja na mwili wake tu, na kikundi kitamhisi.

Usiwachukue walimu wa lugha peke yao. Mwanafunzi anaandika katika Baiolojia, katika Historia, katika Jiografia, na hata katika Hisabati hutakiwa aeleze hatua zake, kwa hiyo mwalimu wa masomo hayo anafundisha kuandika hata kama hajawahi kuiita kazi yake kwa jina hilo. Mwenzetu wa Baiolojia alituletea somo kubwa katika mkutano wa pili. Tulikubaliana kila mmoja aandike maelezo ya jambo analolifundisha, akimwandikia bibi yake kijijini. Yeye akachagua usanisinuru. Baada ya dakika kumi alikuwa na mistari mitatu, akatuambia kwa uchungu kwamba kila sentensi aliyotaka kuiandika ilikuwa ya kitabu, na ilikuwa ya Kiingereza. Hakuwa na sentensi moja iliyo yake. Wiki iliyofuata aliacha kuwalaumu wanafunzi wake kwa kunakili maelezo ya ubaoni neno kwa neno, kwa sababu alijua sasa kwamba nao wapo mahali palepale alipokuwa yeye. Tangu hapo tuliweka kanuni kwamba katika kikundi mtu anaandika kwa lugha ambayo fikra inamjia, na tafsiri itafanywa baadaye ikihitajika. Katika shule ambako somo hufundishwa kwa Kiingereza na kueleweka kwa Kiswahili, kanuni hii ni ya lazima.

Kuhusu muda, usiongeze kikao kipya juu ya vikao vilivyopo. Kwa walimu wa Tanzania, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tayari unawataka walimu wakutane shuleni katika jumuiya za kujifunza, na hakuna sababu ya jumuiya hiyo kutotumia baadhi ya siku zake kuandika. Mwendee mkuu wa shule mapema, umweleze mnachotaka kufanya, na umwombe mambo mawili tu: chumba, na ahadi kwamba yatakayosomwa humo hayatatumika kumpima mtu. Kama yeye mwenyewe anataka kuja, aje na daftari na aandike kama wengine; akija kutazama, hakuna atakayesoma. Hali ni hiyohiyo kwa mwalimu wa taaluma na kwa mthibiti ubora.

Saa moja na nusu, mara mbili kwa mwezi, inatosha. Epuka wiki za mitihani na wiki ya kufunga shule. Tumieni darasa tupu badala ya ofisi ya walimu, kwa kuwa ofisini kila anayeingia ana shida yake. Gharama ni kaunta buku moja ya kikundi, daftari la kila mtu, na chai. Posho isitajwe kabisa, maana kikundi kilichoanza kwa posho hufa siku posho inapokoma.

Mikutano ya kwanza

Kosa linalofanywa na vikundi vingi ni kuanza na makala ya kitaaluma. Walimu wanakubaliana kwamba kila mmoja aandike makala kuhusu changamoto za ufundishaji, wanapeana mwezi mzima, na mwezi ukiisha hakuna aliye na kitu isipokuwa kichwa cha habari. Anzeni na maandishi mafupi yanayoandikwa hapohapo, wote kwa pamoja, kwa dakika kumi, na anayeongoza aandike pia. Mada ziwe ndogo na za karibu: jina lako na aliyekupa, njia uliyopita kwenda shule ukiwa darasa la tatu, siku uliyoadhibiwa kwa kosa ambalo hukulifanya, mtu aliyekufundisha kushika kalamu. Dakika zikiisha, anayetaka kusoma anasoma, asiyetaka anasema "napita" na haulizwi sababu.

Mtu mzima akipewa dakika kumi aandike kuhusu njia ya shule, hukumbana na kila kitu ambacho mwanafunzi wake hukumbana nacho: ukurasa mweupe, aibu, sentensi ya kwanza inayokataa kuja, tamaa ya kufuta, na jirani anayeonekana kuandika kwa kasi kuliko yeye. Nilikuwa mwalimu kwa muda mrefu kabla sijayaona hayo kwa macho yangu. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi "andikeni, muda unakwenda" nikidhani ninawatia moyo.

Kuanzia mkutano wa nne au wa tano, geukieni darasa. Kila mmoja aandike tukio moja dogo lililotokea kwenye kipindi chake, bila kumtaja mwanafunzi kwa jina: swali lililomshangaza, jibu la kosa ambalo lilikuwa na mantiki yake, insha iliyoanza vizuri ikafia katikati. Maandishi haya ndiyo yatakayozaa makala baadaye, ila yasiitwe makala kwa sasa.

Kusikiliza na kutoa maoni

Hapa ndipo vikundi huvunjika. Mwalimu amezoea kusahihisha, na mkono wake hutafuta kosa kabla akili haijasikia kilichosemwa. Katika mwaka wetu wa kwanza mwenzetu mmoja alitusomea ukurasa kuhusu mazishi ya baba yake. Alipomaliza, msikilizaji wa kwanza alimwambia kwamba sentensi ya tatu imekosa upatanisho wa kisarufi. Alikuwa sahihi. Mwandishi akafunga daftari lake, akashukuru, na mkutano uliofuata hakuja, wala ule wa baada yake. Ilitubidi tumfuate nyumbani tumwombe radhi. Tulipokaa kulijadili jambo hilo, kila mmoja wetu alimkumbuka mwanafunzi ambaye tulimfanyia vilevile, na ambaye hakuwa na uwezo wa kutokuja.

Baada ya tukio hilo tuliweka utaratibu ambao sijaona mwingine unaoushinda. Mwandishi anaanza kwa kusema anahitaji nini: labda anataka kujua kama mwanzo unavuta, labda anataka asikilizwe tu. Kisha anasoma kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza wenzake wanasikiliza mikono ikiwa mitupu, mara ya pili wanaandika wanayotaka kuyasema. Halafu kila msikilizaji anazungumza kwa zamu, na mwandishi ananyamaza mpaka zamu zote zimalizike, hata akiona ameeleweka vibaya, kwa sababu kule kueleweka vibaya ndiyo habari anayoihitaji.

Msikilizaji anasema mambo matatu kwa mfuatano. Kwanza anarudisha maneno yaliyomkaa: "Nimebaki na ile sufuria iliyoachwa jikoni." Pili anaeleza mahali alipopotea au alipochoka: "Ulipofika kwa shangazi, sikujua tena nani anasema." Tatu anauliza swali moja la kweli: "Je, ulirudi tena kwenye nyumba ile?" Hakuna anayesema "umekosea," na hakuna anayesema "nzuri sana." Neno hili la pili linaonekana la upole, lakini halimpi mwandishi chochote cha kufanyia kazi kesho asubuhi. Sarufi na tahajia hazigusiki katika hatua hii. Zina siku yake, nayo ni siku maandishi yanapotoka nje ya chumba.

Liko pia suala la umri na heshima, ambalo miongozo ya kigeni hailigusi. Mwalimu mwenye miaka mitatu kazini, ambaye kila asubuhi humwamkia mwenzake shikamoo, na pengine alifundishwa naye, hawezi kwa urahisi kumwambia kwamba ukurasa wake unachosha. Usimlazimishe ajifanye rika lake. Njia iliyotufaa ni ya mambo mawili. Mkubwa ndiye anayeanza kusoma maandishi yake, tena yaliyo mabichi, ili wadogo waone kwamba naye hukwama. Na kila maoni yanasemwa kama habari ya msikilizaji: "mimi nilipotea hapa" ni sentensi ambayo kijana anaweza kumwambia mzee bila kuvunja adabu, kwani anajieleza yeye mwenyewe. Pale ambapo hata hilo ni zito, wasikilizaji waandike maoni kwenye vikaratasi na mwandishi avisome akiwa kwake.

Mwisho, siri. Yaliyosomwa chumbani yanabaki chumbani. Kundi la WhatsApp litumike kukumbushana siku na saa tu. Mara moja tu ukurasa wa mtu ukipigwa picha na kusambazwa kwa walimu wengine, itachukua mwaka kuurudisha moyo wa kuandika kwa ukweli, kama utarudi.

Kuyapeleka darasani

Kikundi ambacho hakibadilishi chochote darasani kina thamani kwa walimu wenyewe, na sikidharau, lakini kinaishia nusu ya safari. Kila mkutano wa pili, mmoja wenu alete somo. Asilisimulie. Alifundishe kwa nusu saa kama anavyolifundisha kwa wanafunzi, na nyinyi mkae kwenye madawati muandike kama wanafunzi. Hapo ndipo mtagundua kwamba maelekezo ya swali yana utata, au kwamba dakika tano mlizozoea kuwapa hazitoshi hata kwa mtu mwenye shahada.

Badiliko la kwanza ninalolipendekeza ni mwalimu kuandika mbele ya darasa. Usilete ubaoni insha iliyokwisha kunyooka. Andika sentensi ya kwanza mbele yao, uikate, uandike nyingine, useme kwa sauti kwa nini umeikata. Wanafunzi wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akifuta neno lake mwenyewe, na wanadhani anayejua kuandika huandika mara moja tu.

La pili ni namna ya kuuliza. "Andika insha kuhusu umuhimu wa maji" huzaa insha 80 zinazofanana, kila moja ikianza na maana ya maji. Mtake mwanafunzi amwandikie mwenyekiti wa mtaa kuhusu bomba lililopasuka karibu na kwao, aeleze limepasuka tangu lini na nani anaumia. Muundo ni uleule wa barua rasmi uliomo kwenye muhtasari wa somo, lakini sasa ana mtu wa kumwandikia na jambo la kumwambia.

La tatu ni usahihishaji, na hapa niwe mkweli kuhusu hesabu yake. Ukitumia dakika tano kwa daftari moja, madaftari 80 yanakula dakika 400, yaani zaidi ya saa sita na nusu kwa insha moja ya mkondo mmoja. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kila wiki na bado akawa na uso wa kuingia nao darasani. Chagua jambo moja kwa kila insha, kwa mfano mpangilio wa aya, uliseme kabla hawajaandika, na usahihishe hilo peke yake. Wagawe katika makundi ya wanne wasomeane kwa utaratibu uleule wa mambo matatu mnaoutumia nyinyi. Utalazimika kuwaonyesha namna ya kufanya mara nyingi, kwa kuwa nao wamejifunza kutoka kwetu kwamba maoni maana yake ni kutafuta kosa. Wewe pitia kwa kina madaftari 10 au 12 kila mara, kwa zamu, ili hadi mwisho wa muhula kila mwanafunzi awe amepata jicho lako lote angalau mara moja.

Katika kaunta buku ya kikundi, kila mkutano upewe ukurasa: nani alisoma, somo gani lilijaribiwa, wanafunzi waliandika nini. Weka pia nakala ya insha za wanafunzi wachache za mwezi Januari, uzilinganishe na zao za Juni. Usikipime kikundi kwa matokeo ya mtihani wa taifa wa mwaka mmoja, kwani matokeo hayo yanabeba mambo mengi ambayo hamyagusi. Zitazame kurasa zenyewe. Je, mwanafunzi anaandika marefu zaidi bila kulazimishwa? Je, anakata na kuandika upya? Je, kuna sentensi ambayo ni yeye tu angeweza kuiandika?

Maandishi yanapokuwa tayari kutoka

Sasa kalamu nyekundu inaruhusiwa, na kamusi pia. Ukurasa unaoelekea nje upitiwe na watu wawili: mmoja kwa ajili ya hoja, mwingine kwa ajili ya sarufi na tahajia. Mahali pa kuanzia ni ubao wa matangazo wa shule na kijitabu kilichotolewa nakala. Mwalimu mwenye makala ya utafiti wa darasani au wa lugha anaweza kuyapima majarida ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ni Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, kwa kusoma kwanza matoleo yaliyopita. Mwenye hadithi au mashairi anayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ukitumia maandishi ya mwanafunzi, omba ridhaa yake na ya mzazi au mlezi wake, na uondoe jina.

Kikundi kinapolegea

Kitalegea. Mara nyingi ni kwa sababu dakika za kuandika zimeliwa na mazungumzo ya kazini: uhamisho, mishahara, ratiba. Hayo ni mambo mazito na yanastahili kusemwa, ila yasemwe baada ya kuandika. Kanuni yetu ni kwamba kalamu hutangulia mdomo, na atakayechelewa atakuta watu wameinamia madaftari. Sababu nyingine ni mtu mmoja kusomwa kila mara. Zamu iandikwe mapema kwenye kaunta buku ili asiwepo wa kuomba wala wa kunyimwa.

Sababu kubwa kuliko zote ni kuondoka kwa mwanzilishi. Kuanzia muhula wa pili, uongozi wa mkutano uzunguke, kila mara mtu mwingine, hata yule mkimya. Anayehamishwa anaiacha kaunta buku kwa kikundi na kuondoka na nakala ya ukurasa wa kwanza, ule wenye utaratibu wa kusoma mara mbili na mambo matatu ya kusema, ili akiripoti kituo kipya aanze na mwalimu mmoja tu atakayekubali kukaa naye dakika kumi baada ya vipindi.